Nzima Ikapotea, Mbovu Ikabaki

Kisa hiki ni cha kutunga, na watu wake nimewaacha bila majina. Kompyuta, amri na makosa yaliyomo ni ya kweli, na fundi yeyote aliyewahi kukesha na Linux nyepesi atayatambua kabla sijamaliza kuyaeleza.

Bububu, Unguja, hatua chache kutoka barabara ya daladala za 502, mwalimu mmoja mstaafu alifungua darasa la kompyuta kwenye banda la uani kwake. Mtaa mzima ulimwita Bi Mwalimu. Alikuwa na kompyuta sita za mezani, mitumba iliyoshuka na kontena, kila moja ina RAM ya MB 512. Zilishapigwa Windows mara kadhaa, na kila mara zikarudi zimezidi uzito. Watoto wa skuli waliokuja jioni kujifunza kuchapa walikuwa wakisinzia mbele ya kioo wakisubiri ukurasa ufunguke.

Mwaka 2017 akaja fundi wa Darajani na wazo jingine: Tiny Core. Mfumo huu ulianzishwa na Robert Shingledecker, aliyekuwa mmoja wa wajenzi wa Damn Small Linux, ile iliyojibana isizidi MB 50. Tiny Core ikajibana zaidi. Toleo lake lenye madirisha na kipanya halifiki MB 25. Lakini uzuri wake kwa darasa kama lile si udogo peke yake. Kompyuta ikiwaka, mfumo mzima hupandishwa kwenye RAM ukakaa humo, na diski haiguswi mpaka iitwe. Mtoto akifuta faili asilolijua, akavuruga mipangilio, akabandika picha ya mchezaji wake kwenye kioo, ukizima bila kuhifadhi na kuwasha, kila kitu kimerudi kilivyokuwa.

Bi Mwalimu alicheka. "Yaani kila asubuhi zinaamka hazina dhambi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi hizo ndizo zangu, mwanangu."

Hakuuliza, na fundi hakumwambia, kwamba mfumo unaosahau maovu ya watoto husahau na mema ya fundi.

Kazi ya kuweka mfumo ilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa mtandao. Rauta ilikuwa nyumba kubwa, darasa uani, na waya ungepita juu ya bati la jirani ambaye hakutaka. Bi Mwalimu akanunua vidude sita vya waifai vya kuchomeka kwenye USB, TL-WN722N, kwa sababu fundi mwenyewe alikuwa nacho kimoja na kwenye Linux kilifanya kazi bila maneno. Vilipofika, umbo ni lilelile, antena ileile, jina lilelile kwenye boksi. Akachomeka. Kimya. Hakuna wlan0.

Hapa pana kosa ambalo limewala wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Jina la kidude si jina la chipu. TL-WN722N ya toleo la kwanza ilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaijua siku nyingi. Toleo la pili likaja na chipu ya Realtek, RTL8188EUS, kitu kingine kabisa ndani ya vazi lilelile. Alama ya toleo ipo, lakini ni herufi ndogo kwenye karatasi iliyobandikwa. Muuza duka hakusema uongo na mnunuzi hakukosea jina. Ndiyo maana fundi hasomi boksi. Anaandika lsusb na kusoma nambari mbili ambazo kidude chenyewe kinajitambulisha nazo. Vile vya Bi Mwalimu vilisema 2357:010c. Ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya bidhaa.

Keneli, ile roho ya mfumo inayozungumza na vyuma, hutumia nambari hizo kuamua ni draiva gani ishike kidude gani. Ndani ya kila draiva mna orodha ya nambari inazozikubali. Tiny Core toleo la 8 lilikuja na keneli 4.8.17, ya Januari 2017. Draiva ya chipu ile ya Realtek ilikuwa imeshaingia kwenye msimbo wa Linux miaka kadhaa nyuma, ila 2357:010c haikuwamo kwenye orodha yake; iliongezwa katikati ya 2017, wakati mfululizo wa 4.8 umeshafungwa. Kwa maneno mengine, ujuzi wa kuiendesha chipu ulikuwepo na kilichokosekana ni mstari mmoja wa utambulisho. Mahali kama hapo pana njia fupi: draiva ikiwa imeshapakiwa, unaweza kuiandikia nambari mpya kwenye faili lake liitwalo new_id, chini ya /sys/bus/usb/drivers, ikakipokea kidude papo hapo. Fundi wetu hakuijua njia hiyo. Simlaumu, wengi wanaofanya kazi hii kwa mshahara mkubwa nao hawaijui.

Alichokijua ni kujenga draiva mwenyewe. Akachukua msimbo uliokuwa ukitunzwa na Larry Finger, Mmarekani aliyeitengenezea Linux draiva za waifai kwa miaka mingi hadi alipofariki Juni 2024, na ambaye sidhani kama kuna mtu mmoja aliyewahi kufufua vidude vingi vya bei rahisi kuliko yeye. Kazi hii fundi aliifanya kwa adabu zote. Kwenye kompyuta yake ya mkononi aliweka Tiny Core ileile ya toleo la 8, akapakia compiletc yenye zana za kujengea, akachukua msimbo wa keneli 4.8.17 uliotolewa na watu wa Tiny Core wenyewe, pamoja na faili la mipangilio yake na lile la Module.symvers lenye orodha ya milango ya keneli. Akajenga. Likatoka faili moja, 8188eu.ko. Akalibeba kwenye flashi, akalinakili kwenye kila mashine ndani ya /lib/modules, akaandika depmod -a, kisha modprobe 8188eu. Taa za vidude zikaanza kupepesa moja baada ya moja. Watoto wakashangilia, Bi Mwalimu akalipa, fundi akaondoka na baraka. Wiki ileile akapata kazi Muscat, akauza kompyuta yake ya mkononi ili kuongezea nauli.

Tazama sasa alichokiacha. /lib/modules ya Tiny Core iko kwenye RAM. Faili aliloliweka humo halikuwa kwenye diski hata kwa dakika moja. Tiny Core ina njia ya kuhifadhi: ukizima kwa menyu yake, huchukua vitu vilivyotajwa kwenye orodha ya .filetool.lst, yaani kwa kawaida /home na /opt, ikavifunga kwenye faili la mydata.tgz na kuvirudisha siku ya pili. /lib/modules haimo. Hata angezima kwa heshima zote, draiva ingepotea. Na hakuzima, kwa sababu watoto walikuwa wameshakaa vitini.

Watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa habari za umeme. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa tena miezi mitatu, njia inayoleta umeme chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ilipoharibika. Waya mpya wa MW 100, uliogharimiwa na Marekani na kuzinduliwa mwaka 2013, uliliondoa giza la namna ile. Lile la umeme kukatika dakika tano halikuondoka, na halihesabiwi hata kuwa habari. Siku ya tatu baada ya fundi kulipwa, ukakatika dakika tano.

Uliporudi, mashine sita ziliwaka safi, hazina dhambi, na hazina mtandao.

Fundi alipigiwa Muscat. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, akamwambia Bi Mwalimu aandike modprobe 8188eu. Mashine ikajibu kwamba moduli hiyo haipatikani. Akamwambia atafute faili la firmware. Bi Mwalimu akatafuta, na kilichowachanganya wote wawili ni kwamba famwea, yale maagizo yanayoingizwa ndani ya chipu yenyewe, ilikuwepo. Fundi alikuwa ameipakua kama kifurushi cha Tiny Core, na vifurushi hukaa kwenye diski, kwenye folda ya tce, vikaorodheshwa kwenye onboot.lst na kupakiwa kila mashine inapowaka. Kwa hiyo nusu ya kazi yake ilipona kwa sababu ilipita mlango rasmi, na nusu iliyomtoa jasho ikayeyuka. Faili lenyewe la 8188eu.ko lilikuwa kwenye kompyuta aliyoiuza. Flashi hakukumbuka alikoiweka.

"Basi tena, mwanangu," Bi Mwalimu akasema. "Fanya kazi yako huko, Mungu akuzidishie."

Akamwita mtoto wa dada yake, kijana wa chuo, mwepesi wa mikono na wa kujibu. Kijana akasikiliza kisa chote na kushika funzo moja tu: fundi hakuhifadhi. "Mama mdogo, mimi nitakachoweka hakitatoka," akamwambia. Akaapa, nami namwamini. Hakikutoka.

Alipata kwa rafiki yake faili la 8188eu.ko lililojengwa kwa ajili ya Linux nyingine. Alipolipakia, keneli ikakataa: umbo la moduli si sahihi. Kwenye dmesg ikaeleza vizuri zaidi, kwamba inatarajia alama ya 4.8.17-tinycore na hii imekuja na alama nyingine. Kila moduli hupigwa alama hiyo inapojengwa, na keneli huisoma mlangoni. Linux haiahidi kwamba mambo yake ya ndani yatabaki vilevile toka toleo hadi toleo. Programu za kawaida zinalindwa, draiva haziko kwenye ahadi hiyo, na Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa keneli, aliliandikia jambo hilo waraka mzima wa kueleza kwa nini iwe hivyo. Tofauti inaweza kuwa ndogo sana na bado ikawa kubwa mno. Reli ya TAZARA ina upana wa mm 1,067, na ile ya kati iliyoanzwa na Wajerumani ina mm 1,000. Ni mm 67 tu, na kwa ajili ya hizo behewa la mizigo halivuki. Ikabidi pajengwe kituo Kidatu cha kuhamishia mzigo kutoka reli hii hadi ile.

Kijana hakuhamisha mzigo. Alibadilisha kibao. Kwa programu ya kuhariri faili ghafi akaitafuta ile alama, akaifuta, akaandika juu yake 4.8.17-tinycore. Keneli ikasoma, ikaridhika, ikafungua mlango. Akaandika lsmod: 8188eu imo kwenye orodha. Akapiga kofi.

Kuna jambo hakuliona, na mimi nalihesabu kuwa kiini cha kisa kizima. Wakati anajaribu, vidude vyote vilikuwa kwenye mtoto wa meza, Bi Mwalimu alivifungia visipotee. Draiva ya USB ikipakiwa pasipo kidude chake haifanyi kazi yoyote ya maana. Hujiandikisha tu na kukaa. Sehemu inayoamsha chuma, inayotenga kumbukumbu na kushika milango ya mtandao ndani ya keneli, huanza siku kidude kinapochomekwa na nambari zake kuoana. lsmod ilimwonyesha mgeni aliyekaa sebuleni. Hakujua kama mgeni anajua kuendesha gari.

Kwa furaha hiyo akafanya kila ambacho fundi wa kwanza hakufanya. Akaliweka faili ndani ya /opt, akaandika amri ya insmod kwenye bootlocal.sh, lile faili linaloendeshwa kila mashine inapowaka, akaandika filetool.sh -b ili kuhifadhi, akarudia kwenye mashine zote sita. Kisha akafungua mtoto wa meza, akachomeka vidude, akaziwasha upya zote kwa pamoja, watoto wakiwa wamejipanga mlangoni.

Zote sita ziliganda njiani. Herufi nyeupe zilijaa kioo cheusi, neno Oops likaonekana kwenye moja, nyingine hazikuwahi hata kusema hilo. Akazima, akawasha. Zikaganda palepale. Umeme ulipokatika jioni na kurudi, zikaganda tena kwa utiifu uleule. Draiva nzima ilikuwa imeondoka na dakika tano za umeme, na hii mbovu sasa hakuna umeme wa kuiondoa.

Kijana alibahatika kwa namna moja: keneli iliyochanganyikiwa haikugusa kisichorudishika. Mwaka 2008, katika matoleo ya majaribio ya keneli 2.6.27, kadi za mtandao za Intel zilizotumia draiva ya e1000e zilifutiwa kumbukumbu zao za ndani, na zile zilizofutwa zikawa hazifai tena mpaka ziandikwe upya kwa zana maalumu. Draiva ikashukiwa kwa wiki kadhaa. Mwishowe ikaonekana mkosaji ni ftrace, kifaa cha kuchunguzia keneli, kilichokuwa kinaandika pahala ambapo si pake. Wenye keneli yenyewe, wakiijua kila herufi, iliwachukua muda. Aliyebadilisha alama kwa mkono hana hata pa kuanzia kuuliza.

Darasa likafungwa. Bi Mwalimu hakumgombeza kijana. Alimwambia akapumzike, jambo ambalo kwa wanaomjua ni zito zaidi. Baadaye akasikia habari za fundi wa kike, binti wa Chuini aliyekuwa akitengeneza mashine za risiti madukani.

Binti alikuja na daftari. Alisimama mbele ya mashine ya kwanza, akaiangalia inavyoganda, akauliza, "Shikamoo Mwalimu, mara ya mwisho iliwaka vizuri lini?"

"Marahaba. Kabla hatujachomeka hivi vidude."

Akavichomoa. Mashine ikawaka. Kijana wa chuo aliyekuwa amesimama kando akakaa chini.

Hata vidude vingekuwa kadi zilizoshikiliwa ndani ya kompyuta, bado pangekuwa na njia. Tiny Core inapoanza unaweza kuipa neno norestore, isirudishe chochote kilichohifadhiwa kwenye mydata, au base, isipakie kifurushi chochote. Mashine huamka tupu kabisa, nawe ukaingia kusafisha. Maneno haya mawili yanastahili kuandikwa ukutani katika kila chumba chenye mfumo huu, na sijaona ukuta hata mmoja ulioandikwa.

Binti alifuta mstari wa insmod, akafuta faili bovu, akahifadhi. Kisha akaanza upya kwa mashine moja tu, tano akaziacha zimezimwa. Aliandika kwenye daftari jibu la lsusb na jibu la uname -r kabla ya kugusa kitu. Akajenga draiva kwa keneli ileile kama alivyofanya fundi wa Muscat, msimbo uleule, mipangilio ileile. Tofauti ilikuja baada ya hapo. Alilipanga faili kwenye folda inayofuata njia ya /usr/local/lib/modules/4.8.17-tinycore, akaikandamiza yote kwa mksquashfs ikawa kifurushi cha .tcz, na jina la keneli akalitia ndani ya jina la kifurushi ili mtu asije akakibeba kwenda toleo jingine kwa kusahau. Akakiweka kwenye tce/optional, akaongeza mstari wake kwenye onboot.lst. Draiva sasa ilipita mlango uleule uliookoa famwea.

Kidude akakichomeka mashine ikiwa imewaka, ili ikileta balaa iilete mbele ya macho yake na si katikati ya kuwaka. Wlan0 ikatokea. Akapakua faili kubwa, akachomoa, akachomeka tena, akapakua tena. Ndipo akaenda kwenye mashine ya pili.

Kijana akamuuliza kwa nini asipandishe mfumo hadi toleo la 9 likitoka, maana alishasoma kwamba keneli mpya zinakijua kidude hiki. Binti akamwambia linaweza kuwa wazo zuri, lakini siku hiyo kifurushi hiki hakitafanya kazi, itabidi kijengwe kingine au ithibitishwe kwamba hakihitajiki, na afanye hivyo kwenye mashine moja, si sita. (Toleo la 9 lilipotoka lilikuwa na keneli 4.14.10.) Msimbo, mipangilio ya keneli na kifurushi chenyewe aliviweka kwenye flashi, akampa Bi Mwalimu pamoja na ukurasa alioukata kwenye daftari, umeandikwa kwa Kiswahili, amri moja kila mstari. Bi Mwalimu akauingiza kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

Binti akataja bei. Bi Mwalimu akafungua kibeti, akahesabu noti, akaziweka mezani na kuzifunika kwa kiganja.

"Subiri kidogo, mwanangu." Akatoka, akaenda hadi kwenye meni suichi ya nyumba, akaishusha. Banda likawa giza, feni ikazunguka mwisho wake. Akakaa hapo muda wa kumjibu salamu jirani aliyekuwa akipita, kisha akaipandisha.

Mashine tano zilirudi na mtandao. Ya sita ikarudi haina.

Binti akainama juu yake. Kwenye onboot.lst alikuwa ameandika 8188ue badala ya 8188eu. Akarekebisha, akanyanyua uso.

"Tayari, Mwalimu."

"Haya," akasema Bi Mwalimu, ameshafika mlangoni. "Nazima tena."